Mkwe Anayetema Mvinyo

Wanawake huenda ukweni kwa mara ya kwanza na keki, na vitenge, na matunda. Huyu wetu alikwenda na chupa ya mvinyo kwapani, mchana kweupe, tena kwenye nyumba ya mama asiyetaka hata kuisikia harufu ya pombe. Msimcheke mapema. Hakujipeleka kwa kiherehere, aliagizwa.

"Mwambie aje nayo," mama wa mchumba wake, Mpishi, alikuwa amesema. "Hiyo chupa anayoifanyia kazi. Aiweke hapa mezani kwangu niitazame, na mwenyewe nimtazame. Kisha mtanisikia."

Kazini walimwita Pua. Alikuwa mhudumu wa mvinyo katika hoteli kubwa, mwaka wa tisa sasa, na jina hilo alilipata siku aliyosimama mlangoni mwa stoo na kusema kuna chupa moja humo ndani imeharibika kizibo, kabla hata taa haijawashwa. Waliitafuta wakaipata. Mpishi naye alikuwa bingwa wa samaki katika jiko la hoteli hiyohiyo, na hakuna aliyethubutu kumrudishia sahani mpaka siku Pua alipoirudisha mwenyewe.

"Samaki wako umemzidishia limau," alimwambia. "Sasa mgeni nimpe mvinyo gani, siki?"

Mpishi alitoka nyuma ya jiko na aproni yake, mwiko mkononi, amejiandaa kwa vita. Akamkuta msichana mfupi mwenye macho makubwa, ametulia tuli, anamngoja. Vita vikaishia hapohapo. Miaka miwili ilikuwa imepita tangu siku ile, na wote wawili hawakuwa na haja tena ya kuulizana kama wanapendana.

Tatizo lilikuwa moja tu, nalo lilikaa mbele ya cherehani. Mama yake Mpishi, mjane, fundi wa magauni ya harusi anayejulikana mtaa mzima, alikuwa amekataa kata kata. "Sitaki mkwe wa chupa," alisema, na kila mwanawe alipofungua mdomo, yeye alikanyaga cherehani kwa nguvu zaidi ili asisikie. Mpishi hakuwa mtu wa kuoa bila radhi ya mama yake. Pua naye alikuwa na jeuri yake. "Mimi siingii nyumba ya mtu kwa mlango wa nyuma," alimwambia. "Akinikataa mbele ya macho yangu, nitaondoka na heshima yangu, nawe utabaki na mama yako." Alilisema hilo kwa sauti kavu, kisha akaenda chooni akalia.

Basi Jumatatu hiyo, mgahawa wa hoteli ukiwa umefungwa, ilikuwa ni kufa kupona.

Kuchagua chupa kulimchukua siku tatu. Nyekundu aliziondoa zote, maana zilionekana nzito na zenye makosa. Zenye mapovu akaziona zina majivuno. Mwisho mkono wake ukashika Muscadet, mvinyo mweupe wa Kifaransa, mkavu, mwepesi, usio na makuu. Mpishi alikuwa amesema atapika kome na samaki katika jiko la mama yake, na kwa kome Pua hakujua rafiki mwingine mwema zaidi ya huyo.

Mpishi alimpokea mlangoni. Alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likawa na makali, na jasho limemtoka puani.

"Umependeza," alinong'ona.

"Natetemeka."

"Na mimi. Nimekata vitunguu mara mbili, vya kwanza nimevitupa." Alimtazama, akamtazama tena, kana kwamba kuna mtu angekuja kumchukua. Akatamani kumshika mkono. Akakumbuka kwamba dirisha la sebuleni liko wazi. "Ingia. Usimwogope. Akinyamaza, nawe nyamaza. Akikuuliza, jibu kweli. Mama anajua uongo kama anavyojua mshono mbovu."

Sebule ndiyo ilikuwa karakana. Cherehani ilikaa karibu na dirisha, gauni la bibi harusi limening'inizwa mlangoni mwa chumba likiwa halina mikono, vipande vya satini vimekunjwa juu ya kochi. Mama alikuwa ameketi wima kwenye kiti chake. Pembeni yake dada yake Mpishi, msusi, mwenye mdomo usio na kituo, alikaa mkao wa mtu aliyelipiwa tiketi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kaa pale."

Pua alikaa alipoonyeshwa, pembeni ya kimeza kidogo cha kazi. Chupa akaisimamisha mbele yake. Mama aliitazama kama mtu anayemtazama nyoka aliyekwisha kufa, bado hamwamini.

"Ndiyo hii?"

"Ndiyo, mama."

"Mbona nyembamba?"

"Wifi, mama anapenda vitu vinene," dada mtu akadakia.

"Nani amekuambia ni wifi yako? Nyamaza." Mama akamgeukia Pua. "Wanasema una pua. Wanasema ukionja kitu unajua kilichomo mpaka mkono uliokitengeneza. Ni kweli, au ni mwanangu anatia chumvi?"

"Najaribu tu, mama."

Mama aliinuka, akaingia jikoni, akarudi na glasi ya juisi. Aliikamua mwenyewe asubuhi ile kwa ajili ya mgeni, na ingawa alikuwa amekwisha kuamua kumkataa mgeni huyo, hakuwa mtu wa kumkatalia akiwa na kiu. Akamkabidhi. "Haya. Kuna nini humo?"

Hapo ndipo balaa lilipoingia. Kama angeambiwa "karibu juisi," Pua angekunywa kama watu wengine wote. Lakini aliulizwa kuna nini humo, na swali hilo huulizwa kazini mara ishirini kwa siku. Kichwa kikahama. Hakuwa tena ukweni. Aliishika glasi kwenye kitako, akaizungusha, akaiinamia, akafumba macho. Akavuta harufu. Akanywa funda dogo, akalitembeza mdomoni, akavuta hewa kidogo katikati ya meno. Kisha, bila kufumbua macho, akainama upande wa kuume, mahali ambapo kwa miaka tisa kopo la bati la kutemea limekaa kila siku ya Mungu, akatema.

"Limau," alisema kwa sauti ya kazi. "Tangawizi mbichi, haikuchemshwa. Asali, si sukari. Na chumvi, kidogo sana, imetiwa mwisho."

Alifumbua macho.

Kuume kwake kulikuwa na kopo la bati, ndiyo. Lilikuwa la vifungo.

"Ametema!" dada mtu alipiga ukelele. "Mama, ametema juisi yako! Kwenye vifungo!"

Mpishi alichungulia kutoka jikoni, mwiko mkononi, akaona, akafumba macho kwa mkono. Pua alitamani ardhi ipasuke. Alipiga magoti pale pale kwenye vipande vya uzi, na maneno yakamtoka yakisukumana.

"Mama, nisamehe. Nisamehe sana. Sikudharau. Wallahi sikudharau. Ni mazoea ya kazi, mkono, mdomo, mimi mwenyewe sijui..."

Mama alilichukua kopo, akalichungulia. "Vifungo vya lulu," alisema polepole. "Vya gauni lile pale. Harusi Jumamosi."

"Nitavisafisha kimoja kimoja."

"Kazi gani ya kutema?"

"Mama?"

"Umesema ni mazoea ya kazi. Nauliza, kazi gani hiyo ya kutema?"

"Kazi yangu, mama. Sisi hutema."

"Mnatema nini?"

"Mvinyo. Wote. Wiki iliyopita nilionja chupa kumi na nane kwa asubuhi moja, nikatema kumi na nane. Nikimeza nitafanyaje kazi? Ya tatu tu ulimi umelala, ya tano pua imekufa, ya sita namwagia wageni kwenye mapaja."

Dada mtu alicheka, kisha akaona uso wa mama yake, akaacha.

"Chupa kumi na nane," mama alisema. "Hukumeza hata moja."

"Hata moja."

"Na nyumbani?"

Pua alikumbuka onyo la mlangoni. Tena hata asingekumbuka, hakuwa na uongo mkononi. "Nyumbani nameza, mama. Glasi moja, siku moja moja, nikiwa na chakula na mtu wa kuongea naye. Sitakudanganya."

Mama alilitikisa kopo, vifungo vikalia. Kisha akamwambia binti yake alete beseni la maji ya vuguvugu na taulo, na akamwambia mwanawe arudi jikoni kabla vitunguu havijaungua. Akashuka kwenye kiti, akaketi mkekani, goti kwa goti na Pua, na kopo la vifungo katikati yao.

Mama alivisuuza, Pua alivifuta, na vifungo vikaanza kujipanga juu ya taulo.

"Baba yake alikuwa fundi wa saa," mama alisema, bila kuinua uso. "Umewahi kuona ndani ya saa ya mkononi? Skrubu zake ndogo kuliko chawa. Yeye alizishika kwa kikoleo huku anaongea, hatetemeki. Nilimpendea mikono ile. Nilikuwa nampelekea saa ya mama yangu, naiharibu makusudi, ili nikaone mikono."

"Uliiharibu makusudi?"

"Mara nne. Mwisho akaniambia, wewe binti, saa hii haina ugonjwa, mgonjwa ni wewe." Tabasamu lilimpita usoni, likaondoka. "Halafu ikaja chupa. Mwanzoni jioni tu. Baadaye asubuhi, ili mikono itulie. Mtu aliyekuwa na mikono ile, anywe ili mikono itulie! Alikufa hawezi kufunga kifungo cha shati lake. Nilikuwa namfungia mimi."

Machozi yalimjaa Pua. Hakuyazuia. Mpishi hakuwahi kumwambia neno hili. "Mama ana sababu zake" ndiyo yote aliyosema, na sasa alielewa kwamba ile ilikuwa adabu ya mtoto kwa baba aliyelala.

"Pole, mama."

"Miaka kumi na minane nimeishi naye," mama aliendelea, akikikung'uta kifungo maji. "Ameninywea pombe ya kila rangi. Na katika miaka yote hiyo, binti yangu, sijamwona akitema hata tone!"

Alijisikia mwenyewe alivyosema. Mdomo ukamtetemeka. Kwanza ilikuwa kama kikohozi, kisha mabega yakaanza, kisha mama yule mkali, fundi anayeogopwa na mabibi harusi wote, akacheka mpaka akashika mbavu. Dada mtu akadakia. Pua akajikaza, akajikaza, akashindwa. Mpishi alikuja mbio na kifuniko cha sufuria akidhani ni kilio, akakuta wanawake watatu wamelala mkekani kati ya vifungo, wanafuta machozi.

"Kuna nini?"

"Rudi jikoni!" wakamfukuza kwa pamoja.

Walikula saa saba. Kome walikuja ndani ya sufuria yao, wamefunguka midomo, wanafuka mvuke wa vitunguu na siagi, na samaki amechomwa mzima na ngozi yake. Mkate ulikatwa vipande vinene. Pua alitoa kizibuo mfukoni, na hapo kila mtu aliona kitu ambacho Mpishi alikuwa akikiona kila siku na bado hajakizoea. Woga ulimtoka. Mabega yakashuka, mikono ikawa na hakika. Kizibo kilitoka bila sauti.

"Mvinyo huu haunywewi na kila chakula," alieleza huku akimimina. "Unatoka kwenye mashamba yaliyo karibu na bahari, mto mkubwa unapoingilia. Wakishautengeneza hawauhamishi haraka, wanauacha majira yote ya baridi juu ya mashapo yake yenyewe, yaani hamira iliyotua chini. Ndiyo maana una kaharufu ka hamira. Una ukali kidogo, lakini ukali wenyewe ndio unaofanya kazi ya limau. Kwa hiyo kwenye kome hakuna haja ya kukamua tena. Chaza unawapenda, kamba, dagaa wa kuchoma, jibini ya mbuzi..."

Dada mtu alikuwa amekwisha kushika chupa ya pilipili.

"Wifi, hapana!"

"Mimi bila pilipili sili."

"Leo tu. Pilipili itaupiga kofi, hutasikia kitu. Kula kome mmoja, kisha onja kidogo."

Dada mtu alitii huku amenuna. Akala. Akaonja. Akatazama glasi, akatazama sufuria. "Mbona chumvi imetulia? Kome amekuwa mtamu. Kaka, umemfanya nini?"

"Mimi nimempika tu," Mpishi alisema. "Aliyemfanya mtamu ni huyo." Na macho yake yakamwangukia Pua, yakakaa hapo bila aibu, mbele ya mama yake mzazi, na Pua akahisi joto likimpanda kutoka shingoni hadi kwenye nywele.

"Mimi sionji," mama alisema.

"Hakuna atakayekulazimisha, mama. Lakini ukitaka, nusa tu. Kunusa hakulewi mtu."

Mama aliitazama glasi iliyokuwa karibu naye. Mkono wake ulisita hewani, ukarudi, ukaenda tena. Akaisogeza, akainama juu yake kwa uangalifu, kama anayechungulia kisima.

"Jiwe," alisema mwishowe. "Jiwe lililonyeshewa mvua sasa hivi. Na tofaa bichi, lile la kijani. Na... mnanicheka?"

"Endelea, mama," Pua alisema, nywele zimemsimama.

"Kama unga uliokandwa, umeachwa uumuke chini ya kitambaa."

"Mama, mimi nilifundishwa miezi sita kuisikia hiyo. Miezi sita! Una pua kuliko yangu."

"Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa."

"Haki ya Mungu. Nimefanya kazi na watu wenye vyeti vya ukutani, hawaisikii."

Mama alisukuma glasi mbali, lakini taratibu, na alikuwa amefurahi mpaka masikio. Akala kome wanne. Akamsifia mwanawe siagi, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu mwaka juzi. Kisha akaona kitu.

"Mbona wewe hunywi? Umewamiminia wenzako, glasi yako imejaa vilevile."

Pua alitazama meza. "Naogopa, mama. Baada ya uliyoniambia."

"Mimi ndiye niliyekuwa naogopa. Leo hupo kazini, uko kwenye chakula, na watu wa kuongea nao ni hawa." Mama aliweka mikono yake mapajani. "Meza. Nataka nikuone ukimeza."

Hakuna aliyetafuna. Pua aliinua glasi. Hakuizungusha, hakuinusa. Alikunywa funda moja kama mtu yeyote mwenye kiu, likashuka baridi, safi, na chumvi ya kome ikalifuata. Akaiweka chini.

Mama hakumtazama usoni. Alikuwa anautazama mkono. Alikuwa ameutazama mkono wa mtu mezani kwa miaka kumi na minane, alijua kabisa jinsi unavyorudi kwenye glasi wenyewe, kabla ya mwenyewe kujua. Akangoja. Mkono wa Pua ulichukua kipande cha mkate. Ukakichovya kwenye mchuzi wa kome. Ukachagua kome mnene kuliko wote sufuriani, ukamtoa kwenye gamba lake, ukamweka kwenye sahani ya mama. Kisha ukatulia juu ya kitambaa cha meza, pembeni kabisa na glasi, umesahau kwamba glasi ipo.

Mama alivuta pumzi ndefu.

"Nitakuomba kitu kimoja," alisema, na sauti yake ilikuwa imepungua. "Wewe una kazi ya hatari. Sikatai kwamba unatema. Lakini siku, Mungu apishe mbali, siku mkono huo ukianza kurudi wenyewe, usijifiche. Mimi nilifichwa. Nikaja kujua mambo yameshaharibika. Njoo uniambie mimi kwanza. Si mumeo. Mimi. Nitakushika."

"Nitakuambia, mama," Pua alisema. "Nitakuja kwako kabla ya mtu yeyote."

"Basi."

Aliyeshtuka wa kwanza ni dada mtu, kome akiwa nusu mdomoni. "Mama! Umesemaje?"

"Nimesema aniambie."

"Hapana, hapo katikati. Umesema si mumeo!"

Mpishi alisimama, akakaa, akasimama tena. Kitambaa cha meza kilimfuata nusu. Mama alimchukua yule kome mnene kwa vidole viwili, akamtia mdomoni, akamtafuna bila haraka huku wote watatu wakimtolea macho.

"Sasa mlitaka nimwiteje?" aliuliza. "Mjomba wake?"